Mtoto Mwerevu Anayeshindwa Kusoma

Kama uko jikoni unachambua ndengu, au uko shambani na redio umeitundika mtini, ongeza sauti kidogo. Mwite na jirani. Nyanya naye asogee, kwa sababu kuna nyanya wengi hapa kwetu ambao ndio walezi, na ndio wanaoitwa shuleni mwalimu akitaka kuonana na mzazi.

Leo hatuzungumzi juu ya malaria wala chanjo. Tunazungumza juu ya mtoto ambaye karibu kila darasa linaye. Mtoto huyu ni mchangamfu. Ukimtuma dukani anarudi na chenji kamili. Anajua kutengeneza gari la waya lenye usukani unaozunguka, na akisikiliza mpira redioni atakusimulia jinsi kila bao lilivyoingia. Lakini mpe kitabu cha darasa lake, mwambie asome mistari mitatu, utaona jasho linamtoka. Amefika gredi ya 3 au ya 4 na bado anasoma kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe yanayoteleza. Mwalimu anasema ni mvivu. Baba anasema ni mkaidi. Watoto wenzake wana jina lao la kumwita, na hilo sitalitaja hewani.

Mtoto kama huyu huenda ana disleksia. Ni neno la kigeni, kwa hiyo tulitamke pamoja polepole: dis-le-ksi-a. Asili yake ni Kigiriki, na maana yake ni ugumu wa maneno. Daktari wa macho Mjerumani, Rudolf Berlin, alilitumia mwaka 1887. Mwaka 1896 daktari Mwingereza, Pringle Morgan, aliandika habari za mvulana wa miaka 14 aitwaye Percy. Kijana huyo alikuwa mwepesi wa hesabu na wa michezo, lakini hata jina lake mwenyewe alilikosea kuliandika. Mwalimu wake alisema kwamba kama masomo yote yangekuwa ya kusikiliza na kujibu kwa mdomo, Percy ndiye angekuwa mwerevu kuliko wote shuleni. Nawaeleza haya kwa sababu kuna wanaosema disleksia ni jambo la juzi, limeletwa na simu na televisheni. Mwaka 1896 hakukuwa na televisheni.

Sasa ni kitu gani hasa kinachotokea? Kuongea, mtoto hujifunza mwenyewe akikaa na watu. Hakuna mama aliyenunua chaki ili amfundishe mtoto wake kuongea. Kusoma si hivyo. Kusoma ni kazi iliyobuniwa na binadamu, na kila mtu lazima afundishwe. Ubongo unatakiwa kuchukua ile alama iliyo kwenye karatasi, uipe sauti yake, uziunganishe sauti ziwe neno, na ufanye hivyo kwa haraka bila hata kufikiri. Kwa mtoto mwenye disleksia, sehemu za upande wa kushoto wa ubongo zinazofanya kazi hiyo hufanya kazi kwa namna tofauti. Macho yake yanaiona herufi. Masikio yake yanaisikia sauti. Shida iko katika kuviunganisha hivyo viwili. Akili yake ya kuelewa, ya kupanga na ya kubuni mambo iko pale pale.

Wataalamu hukadiria kwamba kati ya watoto 100, kama 5 hadi 10 wana disleksia, wengine kidogo, wengine sana. Kwa hiyo darasa la watoto 50 linaweza kuwa na wawili, watatu, hata watano. Nayo hufuata damu. Mzazi mmoja akiwa nayo, uwezekano wa mtoto wake kuwa nayo unakaribia nusu kwa nusu. Basi jiulize: kuna mjomba aliyeacha shule mapema na leo ni fundi anayetafutwa na watu kutoka mbali? Je, baba watoto akipata barua humpa mtu mwingine amsomee, akisema miwani yake imepotea? Sisemi umwaibishe, mwachie miwani yake. Nasema tu kwamba kujua hivyo kutakusaidia kumwelewa mtoto.

Na wewe mama, jiondolee lawama. Hali hii haikutokana na chakula ulichokula ukiwa mjamzito. Haikutokana na chanjo, wala na mtoto kutumia mkono wa kushoto, wala na jicho la mtu.

(Muziki mfupi)

Kuna jambo moja ambalo sisi hapa Kenya tunapaswa kuliangalia kwa makini. Watoto wetu hujifunza kusoma kwa lugha mbili au tatu kwa wakati mmoja: lugha ya nyumbani, Kiswahili na Kiingereza. Kiswahili ni lugha yenye huruma kwa msomaji. Herufi a ni a popote utakapoikuta. Mtoto akishashika ba be bi bo bu na ma me mi mo mu, anaweza kusoma hata neno asilojua maana yake. Kiingereza hakina huruma hiyo. Chukua cat, cake na call. Herufi a ni ile ile, sauti ni tatu. Kwa hiyo mtoto yeyote, hata asiye na shida, huchukua muda mrefu zaidi kusoma Kiingereza. Na mtoto ambaye nyumbani hasikii Kiingereza hata kidogo anaweza kuonekana hajui kusoma, kumbe lugha yenyewe ndiyo hajaijua.

Ndiyo maana nawaomba, msikimbilie kumwita mtoto ana disleksia kwa sababu ya Kiingereza peke yake. Msikilize akisoma Kiswahili, au lugha ya nyumbani kama hufundishwa katika shule yake. Akisoma vizuri huko, tatizo ni lugha, naye atahitaji kuisikia na kuizoea. Akikwama kote kote, hapo fungua macho.

Kukwama kwenyewe katika Kiswahili kuna namna yake. Mara nyingi mtoto hakosei sana, ila anakuwa mzito mno. Chukua neno kama tulipowasindikiza. Mwenzake wa darasa hilo hulitazama na kulitamka. Huyu wetu anaweka kidole chini ya neno, anaenda tu... li... po... wa... si... na akifika mwisho ameshasahau mwanzo ulikuwa nini. Anabahatisha: tuliwasikiza? Mstari unapoisha hana habari hadithi inamhusu nani. Lakini hadithi hiyo hiyo msomee wewe, atakuambia yote, pamoja na jina la mbwa.

Dalili huanza kuonekana mapema, hata kabla ya herufi. Katika chekechea utaona mtoto aliyechelewa kuongea kuliko ndugu zake, au nyimbo za watoto zenye vina hazimkai kichwani. Ukimuuliza kati ya mama, meza na kuku ni neno gani limeanza kwa sauti tofauti na mengine, anapotea. Majina ya rangi na siku za wiki humchukua muda mrefu kuyashika. Dalili moja peke yake si kitu, na watoto hawakui kwa saa moja. Ni pale dalili zinapokuwa nyingi, na hasa kama kuna mtu katika ukoo aliyekuwa hivyo, ndipo unaanza kufuatilia.

Akiwa gredi ya 1 na ya 2, wenzake wanaunganisha silabi na yeye bado. Leo amejua herufi, kesho haijui. Anaandika buzi akitaka kuandika mbuzi, goma badala ya ngoma, kwa sababu sauti mbili zilizoshikamana kama mb na ng humponyoka. Watu wengi huuliza juu ya kugeuza b na d. Jambo hilo ni la kawaida kwa watoto wengi hadi wanapofika karibu miaka 7, kwa hiyo usilale macho kwa ajili ya hilo tu. Akiendelea nalo baada ya hapo, na kusoma pia kukiwa kugumu, hilo ni jambo lingine.

Kuanzia gredi ya 4 shida huonekana zaidi, kwa sababu hapo shule haimfundishi tena kusoma, inamtaka asome ili ajifunze. Sayansi ni ya kusoma, kilimo ni cha kusoma, na hesabu nazo huja kwa maneno. Mtoto anayepata hesabu za nambari tupu anakosa zile za kina Juma na maembe yao. Daftari lake lina neno moja lililoandikwa kwa njia tatu katika ukurasa mmoja. Kunakili kutoka ubaoni kunamchukua muda mrefu, kengele inalia kabla hajamaliza. Miezi ya mwaka, kushoto na kulia, jedwali la kuzidisha, vyote vinamchanganya.

Wengine huficha, na huficha vizuri. Mtoto anaweza kukariri kitabu kizima kwa kumsikiliza dada yake, kisha akakusomea bila kukosea hata neno. Ukitaka kujua ukweli, ziba picha kwa mkono, kisha mwonyeshe neno moja moja kuanzia mwisho wa mstari kurudi nyuma. Fanya hivyo kwa upole, kama mchezo, mkiwa wawili tu. Na tuwaangalie wasichana. Mvulana akishindwa hufanya fujo, anaonekana. Msichana mara nyingi hunyamaza, anakaa nyuma, anaandika kwa mwandiko mzuri alichonakili kwa jirani, na mwaka unapita.

(Muziki mfupi)

Kabla hujasema disleksia, kuna mambo ambayo sisi wauguzi tunataka yaangaliwe kwanza, na haya ndiyo ya kwetu kabisa. Macho: je, anashika kitabu karibu na pua, au anafinya macho akitazama ubao? Mpeleke apimwe. Masikio: mtoto aliyekuwa akitoka usaha masikioni mara kwa mara anaweza kuwa hasikii vizuri, na asiyesikia tofauti ya pa na ba ataiandikaje? Usaha masikioni ni ugonjwa unaotibika, usiuzoee. Njaa na upungufu wa damu humfanya mtoto asinzie darasani. Halafu kuna mtoto anayeduwaa kwa sekunde chache, macho yamekodoa, ukimwita hasikii, kisha anaendelea kama hakukutokea kitu. Huyo huenda ana aina ya kifafa isiyoangusha mtu, naye anahitaji kuonwa na daktari. Mwisho, hesabu siku alizokosa shule. Mtoto aliyehamahama, au aliyekaa nyumbani muhula mzima kwa ugonjwa au kwa kukosa karo, hajafundishwa bado. Huyo afundishwe kwanza.

Nitawaambia juu ya mama mmoja, bila kumtaja. Anauza mboga sokoni. Alimleta kliniki mtoto wake wa miaka 9 kwa sababu ya kuumwa na tumbo. Tulimpima malaria, hana. Choo na mkojo, safi. Tumbo laini. Nikamuuliza, "Mama, tumbo hili huuma siku gani?" Akafikiri. Akasema, "Daktari, ukiniuliza hivyo, Jumamosi haliumi." Likizo nayo halikuuma. Lilikuwa likianza Jumapili jioni na kupamba moto Jumatatu asubuhi wakati wa kuvaa sare. Nilipomuuliza mtoto mwenyewe darasani kuna nini siku ya Jumatatu, alitazama chini kwa muda mrefu. Kisha akasema siku hiyo wanasoma kwa zamu, mmoja mmoja, wakisimama mbele ya darasa.

Maumivu ya tumbo lile yalikuwa ya kweli. Hofu humuumiza mtoto tumbo na kichwa, humkosesha usingizi, na humrudisha kukojoa kitandani mtoto aliyekuwa ameshaacha. Mimi kama muuguzi naona hapa ndipo hatari yenyewe ilipo. Ugumu wa herufi peke yake haujamharibu mtoto. Kinachomharibu ni miaka minne ya kuambiwa mbele ya wenzake kwamba yeye si kitu, hadi anaamini. Akishaamini anaacha kujaribu, na akifika miaka 13 au 14 utamkuta stendi anapakia matatu, au ni msichana ameshaolewa, na watu wanasema shule ilimshinda.

Kwa hiyo fimbo iwekwe chini. Kiboko hakijafundisha mtoto yeyote sauti ya herufi. Hapa Kenya adhabu ya viboko shuleni ilipigwa marufuku mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 inakataza kumpiga mwanafunzi na pia kumtesa kwa maneno. Kumrudisha darasa nako hakusaidii. Akifundishwa vile vile alivyofundishwa mwaka jana, atapata kile kile alichopata mwaka jana, tofauti ni kwamba sasa atakuwa mrefu kuliko wote darasani.

Sasa tufanye nini nyumbani? Hakuna dawa ya disleksia. Hakuna sindano wala vidonge, na mtu akikuuzia matone ya ubongo, mafuta ya samaki au miwani ya rangi akikuahidi mtoto atasoma, zuia pesa zako. Kinachosaidia ni kumfundisha sauti na herufi hatua kwa hatua, kwa mpangilio, kwa kurudia sana, huku akitumia macho, masikio, mdomo na mkono kwa pamoja. Dakika 15 kila siku zinashinda masaa matatu ya Jumamosi yenye machozi.

Chukua sinia, mwaga mchanga mkavu au unga wa mahindi ulioharibika. Mtoto achore herufi kwa kidole huku akiitamka sauti yake. Atamke sauti, mmm, asiseme jina la herufi. Arudie hadi mkono wenyewe uijue. Kusanya vifuniko vya soda, andika silabi moja juu ya kila kimoja, kisha mjenge maneno: ma na ma ni mama, me na za ni meza. Shughulikieni sauti mbili au tatu kwa wiki, msizidishe, na kila siku mwanze kwa zile za jana. Akifika kwenye maneno marefu, mfundishe kuyakata kama muwa. Tulipowasindikiza: tuli, powa, sindikiza. Akishazoea kwamba maneno mengi huanza kwa tuli, wali na ali, ataacha kuanza safari upya kwa kila neno.

Kuna michezo yetu wenyewe inayofaa sana. Pigeni makofi kwa silabi: cha-ku-la, makofi matatu. Watoto wa pwani wana mchezo wa kinyume, wa kuitoa silabi ya mwisho na kuiweka mbele: meza inakuwa zame, chakula inakuwa lachaku. Wazazi wengine huwakataza wakidhani ni lugha ya wahuni. Mchezo huo ni zoezi zuri la masikio. Anza na maneno mafupi, maana kwa mtoto wetu huyu utakuwa mgumu mwanzoni, na umwache acheke.

Wewe mama usiyejua kusoma, usizime redio. Kazi nyingi kati ya hizi hazihitaji kitabu. Makofi unaweza. Vitendawili na hadithi unaweza, na mtoto anayesikia hadithi nyingi anapata maneno mengi, ambayo siku moja atayatambua kwenye karatasi. Kwa kusoma kwenyewe, mwombe mkubwa wake, au mtoto wa jirani mwenye subira, wasome pamoja kwa sauti moja: mkubwa anasoma, mdogo anafuata papo hapo, kidole chini ya neno. Akikwama, aambiwe neno, waendelee. Asiachwe ananing'inia huku watu wanamtazama. Wewe kaa hapo, uchambue mboga zako, usikilize hadithi. Mtoto akiona mama anataka kujua sungura aliishia wapi, anasoma kwa sababu nyingine kabisa.

Na tafadhali, kuwe na kitu ambacho mtoto huyu anakijua kuliko wote nyumbani, na kitajwe mbele ya watu. Yule wa mama wa mboga ndiye anayepiga hesabu za kibanda jioni. Wageni wakija, mama yake huwaambia.

Tuje kwa mwalimu. Wapo walimu wanaoelewa jambo hili na wapo ambao halikuwafikia chuoni, na darasa lenye watoto wengi si kazi rahisi. Usiende kwa hasira. Nenda saa ambazo hafundishi, umsalimu, umwambie, "Mwalimu, mtoto huyu nikimwuliza kwa mdomo anajua, lakini kwenye karatasi hapati. Naomba tuangalie pamoja." Kisha omba mambo madogo ambayo hayagharimu pesa. Akae mbele. Asisimamishwe kusoma mbele ya darasa bila kujua. Kama ni lazima asome, apewe ukurasa huo jana yake akaufanyie mazoezi nyumbani. Apewe nafasi ya kujibu baadhi ya maswali kwa mdomo. Asahihishwe makosa machache kwa wakati mmoja, maana daftari lililojaa wino mwekundu halisomeki hata na mkubwa. Yule mwalimu wa Jumatatu alipoelezwa, alikubali mambo haya. Mtoto bado anasoma polepole, lakini tumbo halijamrudisha kliniki.

Ukitaka apimwe rasmi, uliza kuhusu EARC, yaani kituo cha kutathmini watoto wenye mahitaji maalum ya elimu. Vituo hivi vilianzishwa hapa nchini mwaka 1984. Viko katika kaunti zetu, mara nyingi ndani ya uwanja wa shule ya msingi au karibu na ofisi ya elimu. Mwalimu mkuu anapaswa kukuelekeza kilicho karibu, na akishindwa, nenda ofisi ya elimu ya kaunti ndogo yako. Taasisi ya Elimu Maalum ya Kenya, KISE, iliyoanzishwa mwaka 1986 na iliyoko Kasarani, Nairobi, nayo hutathmini watoto pamoja na kuwafundisha walimu. Siku ya kwenda, chukua kijitabu cha kliniki cha mtoto, matokeo ya macho na masikio kama ameshapimwa, ripoti za shule za mihula iliyopita, na daftari zake mbili au tatu, hasa zile zenye makosa mengi. Usiende na ile nzuri peke yake.

Ripoti utakayopewa uitunze, na nakala uipeleke shuleni. Baraza la mitihani, KNEC, lina utaratibu wa kuwasaidia watahiniwa wenye mahitaji maalum, kwa mfano kuwaongezea muda, lakini shule ndiyo inayoomba, na inaomba mapema. Ukingoja hadi mwezi wa mtihani utakuwa umechelewa. Kwa sababu hiyo mtoto aliye gredi ya 2 au ya 3 anayesumbuka leo asiambiwe atachangamka akikua. Mapema ndipo masomo haya humsaidia zaidi. Aliye gredi ya 7 naye bado anaweza kujifunza, ila itachukua muda na uvumilivu zaidi, naye asisomeshwe na vitabu vya watoto wadogo mbele ya wenzake. Mtafutie hadithi za mpira, za magari, za watu wa rika lake, zenye maneno mepesi. Simu nyingi za siku hizi zinaweza pia kumsomea maandishi kwa sauti, na hiyo si kudanganya, kama vile miwani si kudanganya.

Disleksia haiishi. Mtoto huyu akiwa mtu mzima huenda bado atasoma polepole na kukosea kuandika maneno. Lakini atasoma: barua zake, maagizo ya dawa za watoto wake, na mkataba kabla ya kuweka sahihi.

Kama una swali, liandike au mwombe mtu akuandikie, ulipeleke kwa mhudumu wa afya ya jamii wa kijiji chako, naye atatufikishia. Watoto wenye shida ya macho au masikio waleteni kliniki siku yoyote ya kazi, asubuhi, na waje wamekunywa chai. Wiki ijayo, saa kama hii, tutazungumza juu ya usaha masikioni, kwa nini hurudi, na kwa nini mafuta ya taa hayatakiwi kutiwa sikioni. Mimi muuguzi wenu nawaaga. Kwaherini.